Goti la Fundi Kofia

Fundi hakuwa mtu wa kupendeka haraka. Ukimsalimia alikujibu, maana adabu alikuwa nayo, lakini alikujibu macho yakiwa kwenye sindano, na ukizidi kusimama pale mlangoni baada ya salamu kwisha alikuuliza, "Kuna jingine?" Watu wa mtaa wetu wa Dunda walimwogopa kidogo na kumsema sana. Walisema anaringa. Walisema haonekani msikitini. Walisema pia kwamba kofia zake za viua, zile za vitundu vya kushonwa kwa mkono, hazina mfano hapa Bagamoyo, na hata hilo walilisema kwa kulalamika, kwa sababu kila sikukuu ilipokaribia iliwabidi waende kwake na kuuvumilia ulimi wake.

Mzee mmoja mwenye duka la vitambaa alimrudishia kofia, akidai imembana. Fundi akaipima kofia, akampima mzee kichwa, kisha akamwambia, "Kofia haijapungua, mzee wangu. Kichwa ndicho kimeongezeka tangu ufungue duka la pili." Yule mzee alinuna muda mrefu, halafu akarudi, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kwenda.

Mimi nilimfahamu kwa barafu. Nilipoolewa na kuhamia mtaa ule, nyumba yetu na yake zilitenganishwa na ukuta mmoja, na sisi tulikuwa na friji. Siku hizo za mwanzo, mume wangu akiwa kazini, nilisikia hodi. Nilipofungua nikamkuta ameegemea fremu ya mlango, mguu wa kulia ameunyanyua usiguse chini, uso umepauka kama jivu.

"Bibie, una barafu?"

Nikampa bakuli zima. Hakusema asante. Kesho yake alirudisha bakuli limeoshwa, ndani mna kipande cha halua kimefungwa kwenye karatasi, akasema, "Barafu yako nzuri," kana kwamba nimeishona mwenyewe. Tangu hapo niliigandisha kwa ajili yake. Hodi ikija asubuhi nilijua usiku wake ulikuwa mbaya.

Nilimuuliza mume wangu jirani yetu anaumwa nini. Akasema miguu. Mama mkwe akasema ni baridi yabisi. Muuza kahawa wa kona alikuwa na hakika kwamba ni jini la urithi. Na Fundi mwenyewe, ukimuuliza, alijibu, "Naumwa uzee," naye wakati ule hata hamsini hakuwa amefika.

Kutembea kwake ndiko kulikomtambulisha hata kwa mbali. Goti la kulia lilikuwa limekunjika na halikunyooka tena, hivyo alionekana daima kama mtu aliyekusudia kukaa kisha akabadili nia. Kiwiko cha kushoto nacho kilikataa kunyooka. Kushuka kizingiti alishuka upande upande. "Ngazi ni mnyama," alikuwa akisema, na ni kwa sababu ya ngazi za msikiti, wala si kwa sababu nyingine, kwamba alisali nyumbani, juu ya kiti.

Imamu alimjia siku moja kumkumbusha. Nilikuwa naanua nguo, nikayasikia mazungumzo yao.

"Fundi, hatukuoni kwenye sala ya jamaa."

Fundi aliivuta kanzu hadi pajani na kumwonyesha goti, ambalo siku hiyo lilikuwa limevimba mpaka ngozi inang'aa. Imamu alilitazama.

"Basi salia hapo hapo," alisema.

Baada ya hapo, kila Ijumaa, imamu alipita kumsimulia hotuba. Fundi hakuwa na shukrani hata kidogo. Alimwambia hotuba zake ni ndefu na zina viraka.

Watu walipokuja kuujua ugonjwa wake walishangaa sana kwamba mtu wa aina yake ameishi na sindano mkononi. Alijichoma kila siku. Tone moja, analilamba, anaendelea kushona. Daktari wake alikuja kunieleza baadaye kwamba kidonda kidogo cha ngozi kwa watu wenye ugonjwa huu hufunga kama kwa mtu mwingine yeyote; hatari yao ni damu inayomwagika ndani, kwenye maungio na kwenye misuli, bila kuonekana. Fundi aliyapenda maelezo hayo na kuyafupisha kwa namna yake. "Nje nimeshonwa," alisema. "Ndani nimefumuka."

Ugonjwa aliujua kwa jino. Aling'olewa gego, akatoka damu siku na siku, akijaza vitambaa, mpaka mume wangu na majirani wakampakia kwenye gari kwenda Dar es Salaam. Huko akakutana na daktari wa damu, mwanamke kijana kuliko mimi, ambaye alimuuliza jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

"Mama yako alizaa wavulana wangapi, na wako wapi?"

Fundi akamwambia. Kaka yake wa kwanza alikufa kwa kutokwa na damu baada ya kutahiriwa. Wa pili alianguka kutoka mkorosho, tumbo likavimba, akafa bila jeraha. Yeye mwenyewe alipotahiriwa alivuja mpaka wakakata tamaa. Sanda ilikuwa imeshanunuliwa. Hilo la sanda alilisimulia akicheka, na wewe hukujua uweke wapi uso wako.

Hemofilia, daktari alimwambia. Damu isiyoganda vizuri. Hupitia kwa mama na huwapata zaidi watoto wa kiume.

"Ndiyo mara ya kwanza ugonjwa wangu kuwa na jina," Fundi aliniambia aliporudi. "Kabla ya hapo ulikuwa na wachawi tu."

Hapo ndipo nilipomwona akifanya jambo ambalo lilinibadilishia sura yake. Yule ngariba aliyemtahiri kaka yake alikuwa amefukuzwa mjini. Ilisemwa kwamba kisu chake kina uchawi, nyumba yake ikapigwa mawe, akaondoka na familia yake kuelekea bara. Fundi, ambaye kwenda sokoni tu kulimgharimu kilio, aliuliza huku na huku mpaka akasikia kwamba ukoo ule uko Ubena. Alikwenda. Mimi na mume wangu tulimsindikiza. Tulimkuta binti wa ngariba, mama mtu mzima, anapepeta mahindi uani. Babaye alikuwa amekwisha kufariki.

Fundi alikataa kiti. Alisimama kwa goti lile, mbele ya wajukuu na majirani waliokuwa wamekusanyika kutazama wageni, akasema, "Baba yenu hakumwua kaka yangu. Ni damu yetu sisi. Nimekuja kulisema hilo mbele za watu, kwa sababu tulimfukuza mbele za watu."

Yule mama aliendelea kupepeta. Kisha akauweka ungo chini.

"Umechelewa," alisema. "Lakini karibuni ndani."

Njia nzima ya kurudi Fundi hakuzungumza, isipokuwa kulalamika kwamba barabara imejaa mashimo, na haikuwa kweli.

Angekuwa mtu wa hadithi, ningesema tangu siku hiyo alilainika. Hakulainika. Aliendelea kuwatimua watoto waliocheza karibu na mlango wake, kuwasuta wateja na kumkatalia pole yeyote aliyempa. Aliwahi kuoa, mkewe akaondoka bila mtoto, na jambo hilo halikuguswa. Ila tangu alipolijua jina la ugonjwa alikuwa na shughuli moja isiyokwisha. Kila aliposikia mahali pana mtoto wa kiume anayevimba vimba au kufanya mabaka meusi, alimtuma mtu akawaambie wazazi wasimkate kabla hajapimwa. Baadhi walimsikiliza, wengine walimtukana. Nyumba ambayo hakuweza kabisa kuingiza maneno yake ilikuwa ya dada yake.

Dada huyo, Mama Rajabu, alikuwa mdogo wake, aliyebaki naye peke yake katika watoto wa mama yao. Aliishi upande wa Nianjema, mjane, ana watoto wawili: Rajabu, kijana wa miaka ishirini na kitu, na mdogo wake Zuhura. Rajabu aliuza vipuri vya pikipiki Msata na alikuwa golikipa. Alikuwa mrefu, mcheshi, na baada ya kila mechi kifundo chake cha mguu kilivimba. Yeye alisema ni kuteguka. Alipotahiriwa akiwa mdogo alikuwa ametoka damu nyingi, lakini alipona, na mama yake aliliweka jambo hilo chini ya kufuli.

Fundi alipompelekea dada yake habari, nilikuwepo. Alinichukua, alisema, kwa sababu mimi ni mwalimu na maneno yangu hayana ncha kama yake. Sikupata nafasi ya kuyatumia.

"Unasema hupitia kwa mama," Mama Rajabu alisema. "Kwa hiyo mama yetu ndiye aliyewaua kaka zetu."

"Sikusema hivyo."

"Na mimi nimemtia mwanangu sumu."

"Dada, nimesema apimwe. Mguu ule si wa kuteguka. Mimi wangu ulianza hivyo hivyo."

"Nina binti ndani, kaka." Alishusha sauti, akatazama mlango wa chumba. "Anaposwa. Likitoka neno kwamba nyumba hii ina damu mbovu, nani atamchukua? Wewe umezeeka na kofia zako. Niachie wanangu."

Wakaacha kutembeleana, ila kwenye misiba.

Baadaye ukaja uvimbe. Ulianza kama uzito ndani ya nyonga, upande wa kulia, ukakua taratibu mpaka akawa hawezi kukaa sawa kwenye kiti chake cha kushonea. Paja likafa ganzi. Jamaa mmoja alimpeleka kwenye hospitali moja, si ya hapa kwetu, wakampiga eksirei, wakaona mfupa umeliwa. Wakashuku saratani. Wakasema watampasua kidogo watoe kinyama cha kupima.

Alinipigia simu akiwa kitandani huko huko. "Bibie, hapa kuna mtu ana kisu na haraka. Mpigie mwanangu daktari."

Nilimpigia yule daktari wa damu. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti kabla ya siku hiyo. "Wasimguse! Mwambie asimruhusu mtu yeyote kutia sindano wala kisu kwenye uvimbe huo. Aje huku, tumfanyie MRI kwanza tuone ndani mna nini."

Fundi alijiondoa hospitali ile kwa saini yake. Safari ya Dar tulihitaji mtu mwenye nguvu wa kumbeba, naye akanituma nimwombe Rajabu. "Mwambie mjomba wake hawezi kuingia kwenye gari mwenyewe. Usiseme lingine." Rajabu alikuja bila kumwambia mama yake. Alimbeba mjomba wake kama mtu anavyobeba mtungi wa maji, akimtania kwamba ana uzito wa kofia tupu.

Kumbe Fundi alikuwa ameshapanga. Mtu yule niliyemjua kwa kusema ukweli hata usipoombwa alikuwa amemdanganya mpwa wake wa pekee wa kiume. Tulipofika, daktari alimsalimia Fundi, kisha akamgeukia Rajabu.

"Na wewe ndiye mwenye kifundo?"

Rajabu akamtazama mjomba wake. "Mjomba, umenileta nikubebe au nibebwe?"

"Vyote viwili," Fundi alisema. "Ukikasirika, kasirika ukiwa umeshapimwa."

Alikasirika kidogo, halafu akacheka, akanyoosha mkono ukatolewa damu.

Kwenye chumba cha MRI kijana wa mashine alimwamuru Fundi aondoe kila kitu cha chuma. Mashine ile ni sumaku kubwa, alieleza, hivyo saa, funguo, sarafu, vyote vibaki nje. Fundi akasema hana kitu. Kijana akamwomba kofia, akaipapasa ukingo, akatoa sindano moja, akatoa ya pili, akaendelea kutoa.

"Mzee, hizi zingeruka humo ndani!"

"Kumbe mna mashine ya kuokota sindano," Fundi alisema. "Na mimi miaka yote naziokota kwa magoti."

Huo ndio ulikuwa mwisho wa mzaha. Kulala chali kwa nyonga ile kulikuwa adhabu, na goti halikutaka kunyooka. Wakamwekea masponji chini ya mguu, wakamfunga mkanda asisogee, wakamziba masikio, wakamsukuma ndani ya lile tundu. Mimi na Rajabu tulikaa nje ya mlango. Mashine ilipoanza kugonga tuliisikia, mgongano mzito wa chuma kwa chuma, ukikatika na kuanza upya kwa mlio mwingine. Rajabu aliinamisha kichwa. Alikuwa ameacha kucheka.

Fundi alipotolewa kanzu ya hospitali ilikuwa imelowa jasho. Tulimpa maji. "Nimepigiwa bati kwenye masikio yote mawili," alisema.

Majibu ya damu ya Rajabu yalikuja: alikuwa na ugonjwa ule ule. Akaitwa arudi, naye akafanyiwa MRI ya kifundo. Siku ya kusomewa picha tulikwenda tena watatu. Daktari alizifungua kwenye kompyuta yake, akaanza na za Fundi.

Haikuwa saratani. Ilikuwa damu. Miaka mingi iliyopita damu ilivuja ndani ya msuli wa nyonga, haikunyonywa ikaisha, ikavuja tena juu yake, na tena, ikajijengea gamba. Kwenye picha ilionekana kwa matabaka, meusi na meupe, kama kitunguu kilichokatwa. Ilikuwa imekula mfupa na kukandamiza mshipa wa fahamu wa paja.

"Wangeipasua?" nilimuuliza.

"Asingetoka mezani," daktari alisema.

"Na ninyi mtaitoa?" Fundi aliuliza.

Daktari hakukwepa. Alisema upasuaji wa namna hiyo unataka dawa nyingi ya kugandisha damu kuliko waliyo nayo, na kwamba hata ikipatikana, uvimbe umeshikana na mishipa mikubwa. Wangempa sindano za kugandisha damu ili usikue haraka. "Nisikudanganye, baba. Hautaisha."

Fundi akatikisa kichwa kama mteja aliyeambiwa kitambaa kimekwisha. "Nionyeshe za kijana."

Hapo daktari alimwita Rajabu asogeze kiti. Alimwonyesha kwanza eksirei ya kifundo chake: mifupa mizuri, hakuna kasoro. Rajabu akatabasamu. Kisha akamwonyesha MRI ya mguu ule ule.

"Eksirei inaona mifupa," alisema. "Mpaka mfupa uharibike, tumeshachelewa. Hii inaona ngozi laini ya ndani ya kiungo, na gegedu, ule mto laini unaokaa kati ya mifupa. Unaona hapa pembeni, huu weusi? Damu ina chuma. Kila ikimwagika ndani ya kiungo, chuma kinabaki, kama kutu. Kutu hiyo inakula gegedu lako. Hapa imeshapungua."

"Lakini siumwi, daktari. Nacheza mpira."

"Ndiyo maana nimekupiga picha sasa, wakati huumwi." Akafungua picha ya goti la Fundi, waliyoipiga siku ile ile ya nyonga, akaiweka kando ya kile kifundo. Katika goti lile hapakuwa na kitu cha kuelezea. Mfupa ulikaa juu ya mfupa, na weusi umejaa kila pembe. "Hili nalo lilianza hivi."

Fundi hakulitazama goti lake. Alikuwa akimtazama Rajabu usoni, kwa namna ambayo sikuwahi kumwona akimtazama mtu, kama anayeomba.

"Nikichomwa hizo sindano, nitaendelea kudaka?" Rajabu aliuliza.

"Utaendelea kutembea," daktari alisema. "Mpira, acha. Na popote utakapougua au kuumia, hasa kichwa, neno la kwanza utakalolisema ni hemofilia. Mwambie na mama yako."

Rajabu alihudhuria kliniki. Kwa miezi kadhaa alipita kwa mjomba wake kila anaporudi kutoka Dar, wakakaa pamoja, mmoja anashona, mwingine anasimulia habari za Msata. Kifundo kiliacha kuvimba. Na kwa kuwa kiliacha kuvimba, akaona amepona. Mama yake alizigundua safari zile, akamlilia kwamba watu wa mchumba wa Zuhura wameanza kuuliza anakwenda kutibiwa nini. Harusi ilikuwa karibu. Rajabu akamwambia mjomba wake atapumzika kidogo mpaka harusi ipite.

"Kutu haijui harusi," Fundi alimwambia.

Harusi ikapita, Zuhura akaolewa, na Rajabu hakurudi kliniki. Siku moja akitoka kazini aliteleza na pikipiki kwenye mchanga, mwendo mdogo tu, akajigonga kichwa. Aliinuka mwenyewe, akajifuta, akarudi nyumbani. Jioni akalalamika kichwa. Alipoanza kutapika mama yake alimkimbiza hospitali ya jirani aliyoipata, na mpaka kulipokucha Rajabu alikuwa amefariki. Damu ilikuwa imejaa ndani ya fuvu.

Kwenye msiba Fundi aliletwa kwa bajaji. Wanaume wakamshusha na kumkalisha kwenye kiti karibu na ukuta. Mama Rajabu alitoka ndani, wanawake wakijaribu kumshika, akasimama mbele yake.

"Alikuwa mzima!" alisema. "Mwanangu alikuwa mzima mpaka ulipompeleka kwenye mashine yako. Wewe ndiye uliyemvisha ugonjwa. Umefurahi? Umepata mwenzio?"

Nilimngoja Fundi afungue ule ulimi wake. Hakuufungua. Aliinamisha kichwa akayapokea yote, na alipomaliza, aliomba arudishwe nyumbani. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, sikukuu ilikuja na hakuna aliyepata kofia kwake. Aliwarudishia watu vitambaa vyao bila neno la kejeli, na nafikiri hilo lilitutisha kuliko kilio.

Baada ya hapo uvimbe ulimshinda. Sindano za kliniki zilikuja na kukosekana. Mguu ukawa hauna kazi, kisha hakuweza kukaa, akawa mtu wa kitandani, tukipokezana kumhudumia mimi, mume wangu na yule imamu, ambaye sasa alikaa muda mrefu na hakusimulia hotuba. Fundi hayupo tena. Lakini siku ninayoikumbuka zaidi ni ya kabla ya mfungo wa mwisho aliouona, nilipokuwa nimempelekea uji, mchana, na mlango ukapigwa hodi.

Alikuwa Mama Rajabu. Amekonda, ukaya wa kichwani umemkaa vibaya, mgongoni amefunga mtoto mchanga. Tangu walipoacha kutembeleana hakuwa amekanyaga pale. Alinisalimia, akavua viatu, akaingia chumbani. Alipomwona kaka yake alivyokuwa chini ya shuka alisimama kidogo, kisha akaketi sakafuni, akamfungua mtoto na kumlaza kwenye mkeka kando yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Huyu ni wa Zuhura. Wa kiume."

Fundi alimgeuzia macho mtoto.

"Walitaka kumtahiri siku ya arobaini," alisema Mama Rajabu. "Nikawakatalia. Mkwe akapiga kelele, ndugu zake wakapiga kelele. Nikampeleka Dar kwa daktari wako. Wamempima." Akamfunika mtoto miguu. "Anao, kaka."

Fundi alifumba macho. "Mmemjua mapema," alisema baadaye. "Mimi nilijua nina mvi."

"Si hilo tu lililonileta." Alianza kukunja na kukunjua pindo la kanga. "Usiku ule wa Rajabu. Daktari wa pale aliniuliza. Alikuwa kijana mwema, aliniuliza taratibu: mama, kijana ana ugonjwa wowote tunaopaswa kuujua? Rajabu alikuwa ameshapoteza fahamu, hawezi kusema." Akaliachia pindo la kanga. "Nikasema hana. Aliniuliza mara ya pili, kaka. Nikasema hana."

Niliuweka ule uji chini. Sikujua kama niondoke au nibaki.

Fundi aliugeuza uso ukutani. Hakuweza kugeuza zaidi ya hapo, mwili ulikuwa haumtii, lakini uso aliugeuza, na akakaa hivyo. Dada yake hakuomba msamaha. Alikaa pale sakafuni akingoja, machozi yanamshuka bila sauti. Nje mtu alikuwa akitangaza samaki kwa kipaza sauti, akapita, akapotelea mtaa wa pili.

Mtoto ndiye aliyeamka. Alilia ghafla, kwa hasira, na Mama Rajabu, kwa haraka na kwa mazoea ya miaka yote, alimshika mkono mmoja ili amvute ampakate.

"Si hivyo!" Fundi alisema.

Alikuwa amegeuka. Dada yake akauachia ule mkono.

"Usimvute mkono. Bega litavuja. Weka kiganja kimoja nyuma ya shingo. Kingine chini ya makalio. Taratibu, usimbane mbavu. Sasa mwinue mzima mzima, kama trei yenye vikombe."

Mama Rajabu akafanya hivyo. Akamwinua mtoto mpaka kifuani, akamtazama kaka yake.

"Mlaze tena," Fundi alisema. "Mwinue nikuone."

Akamlaza, akamwinua tena.

"Mfundishe na Zuhura," alisema.

"Nitamfundisha."

"Mlete na yeye. Nimwone akifanya mwenyewe."